Paka Naye Anahama

Tarehe 13 Julai 2016, David Cameron alifungasha virago akaondoka Downing Street nambari 10, nyumba ya mawaziri wakuu wa Uingereza. Mke na watoto wakaondoka naye, paka akabaki. Saa chache kabla, alipokuwa akijibu maswali ya wabunge kwa mara ya mwisho, Cameron aliinua picha iliyomwonyesha akiwa amempakata Larry, ili kuzima uvumi kwamba hakumpenda. Kumchukua asingeweza, akasema, maana paka yule ni wa nyumba. Larry aliletwa pale Februari 2011 kutoka kituo cha Battersea kinachotunza mbwa na paka wasio na wenyewe, akapewa kazi ya kukamata panya. Baada ya Cameron wakaja Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak, na Julai 2024 akaingia Keir Starmer, waziri mkuu wa sita kuishi na paka huyo. Watano wamefungasha na kuondoka, na Larry akaendelea kuota jua mlangoni palepale.

Kwa jicho la paka, hakuna mpango mzuri kuliko huo: watu wabadilike, nyumba ibaki. Paka wengi wa Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi hawana bahati hiyo. Wanaishi na wapangaji, na mpangaji huhama. Mwenye nyumba kapandisha kodi, kazi imehamia upande wa pili wa mji, familia imeongezeka, au ile nyumba iliyojengwa kidogo kidogo kule Goba au Kitengela imeezekwa na mtu kaamua kuingia hivyohivyo, madirisha baadaye. Kirikuu kinaitwa, vijana wa kubeba wanapatana bei, kitanda kinafunguliwa nati, jokofu linafungwa kamba. Paka hukumbukwa mwisho, wakati mwingine gari likiwa limeshawashwa, ndipo nyumba nzima inaanza kuita "nyau, nyau" chini ya ngazi.

Husemwa kwamba mbwa hufuata mtu, paka hufuata nyumba. Usemi huo una ukweli nusu. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oregon State, Marekani, wakiongozwa na Kristyn Vitale, waliwaingiza paka wadogo katika chumba kigeni pamoja na walezi wao, wakawatenganisha kwa dakika chache, kisha wakawakutanisha tena. Karibu theluthi mbili ya paka hao walitulia mara mlezi aliporudi, wakaendelea kukichunguza chumba bila wasiwasi. Watoto wachanga wa binadamu wakipimwa kwa namna hiyohiyo hutoa matokeo yanayokaribiana sana na hayo. Kwa hiyo paka anampenda mtu wake. Ila mapenzi hayo hayamwondolei haja ya mahali, na mahali kwa paka ni jambo zito kuliko wengi wanavyodhani.

Asili yake ndiyo inayoeleza. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 na Carlos Driscoll na wenzake ulionyesha kwamba paka wote wa majumbani, awe wa vichochoro vya Lamu au wa Siberia, wanatokana na paka mwitu wa Mashariki ya Karibu waliosogelea maghala ya nafaka ya wakulima wa kwanza, yapata miaka 10,000 iliyopita. Ndugu zao wa porini bado wanaishi Serengeti na Tsavo. Paka mwitu huwinda peke yake, hana kundi la kumtetea. Usalama wake ni kuijua ardhi yake: panya wanapita wapi, pa kutorokea ni wapi, mipaka ya dume jirani inaanzia wapi. Ukimtoa hapo umemvua silaha zote kwa mpigo.

Na ardhi hiyo huwekewa alama kwa harufu. Paka ana tezi mashavuni, kidevuni, kwenye paji la uso, kwenye shina la mkia na katikati ya vidole. Akijisugua kwenye mguu wa meza watu husema anajipendekeza apewe dagaa. Dagaa anawataka kweli, lakini hapohapo anaacha alama itakayomhakikishia kesho na keshokutwa kwamba hapa ni kwao na pana amani. Akikwaruza kochi ananoa kucha, na papo hapo anaacha harufu ya nyayo zake. Juu ya kaakaa lake kuna kiungo cha ziada cha kunusia, kiungo cha Jacobson, na ndicho anachokitumia pale anapoachama mdomo na kukunja uso kama aliyelamba ndimu. Miaka ikipita, kila kona ya nyumba, kuanzia kifundo cha mguu wa mtu hadi magotini, inajaa alama ambazo wenye nyumba hawazioni wala hawazinusi.

Kisha siku moja anawekwa kwenye nyumba inayonuka rangi mbichi, saruji, dawa ya kunguni na mbwa wa mpangaji aliyetangulia. Hakuna harufu yake hata chembe. Akijibanza nyuma ya jokofu siku mbili, hakuna cha kushangaza.

Ndiyo maana ushauri mmoja wa wataalamu wa paka huwashtua wapenda usafi: msifue. Familia nyingi hufua kila kitambaa kabla ya kuhama, waanze upya wakiwa safi. Mto anaolalia paka, kanga kuukuu aliyoitwaa na zulia la mlangoni analolikwaruza vihame vikiwa vivyo hivyo. Wiki ya mwisho, mtu anaweza pia kuchukua kitambaa laini cha pamba akampangusa paka mashavuni wakati ametulia, kisha akakihifadhi ndani ya mfuko. Siku ya kufika, kitambaa hicho hupitishwa kwenye miguu ya meza, kona za kuta na fremu za milango, chini kabisa, usawa wa kichwa cha paka. Kuna kampuni zinazotengeneza harufu ya mashavu ya paka maabara na kuiuza, na jina linalojulikana zaidi ni Feliway, lakini bei yake si ya kila mtu. Kitambaa ni bure. Na paka aliyezoea kujisaidia uani achotewe mchanga wa uani kwake, nusu ndoo hivi, ukachanganywe na mchanga mpya katika beseni kule aendako. Ataelewa mara moja beseni lile ni la nini.

Sasa usafiri. Gunia halifai. Linatisha, linabana pumzi, na paka aliyewahi kutiwa humo hatiwi mara ya pili bila mtu kutoka damu. Bora ni kasha la plastiki lenye mlango wa nondo, lakini hata tenga la kuku, au kreti mbili za matunda zilizofungwa mdomo kwa mdomo, hufaa ilimradi matundu yawe madogo kuliko kichwa cha paka. Mitulinga ya paka haikushikamana na mifupa ya mabega kama ya mtu, hivyo tundu likipitisha kichwa, aghalabu mwili nao hupita.

Wengi hulitoa kasha stoo asubuhi ya safari. Paka analikumbuka: mara ya mwisho lilimpeleka kudungwa sindano. Afadhali likae sebuleni wiki mbili kabla, mlango wazi, kanga yake ikiwa ndani, na chakula cha jioni kiwekwe humohumo. Ikifika siku ya siku, ataingia mwenyewe.

Siku hiyo paka afungiwe kabla mlango wa mbele haujafunguliwa kwa mzigo wa kwanza. Choo, au chumba kilichokwisha kutolewa vitu, kinatosha. Aingizwe na kasha lake, maji na beseni la mchanga, na mlangoni ibandikwe karatasi yenye herufi kubwa: PAKA NDANI, USIFUNGUE. Vijana wa kubeba hawana ubaya, ila kazi yao ndiyo kufungua milango. Asiyefanya hivyo atahangaika kumtafuta kusikotarajiwa. Kochi linainuliwa, kile kitambaa cheusi cha chini kimechanika pembeni, na humo ndani, kati ya springi na mbao, kuna macho mawili yanang'aa. Wengine hujipenyeza nyuma ya droo ya chini ya kabati. Wengine huingia kwenye injini ya gari lenyewe, kwa kuwa mna joto na giza. Kugonga boneti kabla ya kuwasha gari ni tahadhari ya maana kabisa.

Asipewe chakula muda wa saa tatu au nne kabla ya kuondoka, kwa sababu paka wengi hutapika njiani. Asipakiwe nyuma pamoja na masufuria na stuli. Akae na mtu anayemjua, iwe kwenye bajaji, teksi au kiti cha mbele cha kirikuu, kasha likiwa limefunikwa kanga nyepesi ili asione magari yanavyopita. Atalia. Wengine hulia kutoka mwanzo wa safari hadi mwisho, kwa sauti ambayo mwenyewe hajawahi kuisikia, na huruma humtuma mtu amtoe ampakate. Asimtoe. Paka aliyepagawa ndani ya gari hukimbilia miguuni kwa dereva au dirishani.

Joto ni hatari kuliko kelele. Gari lililofungwa vioo na kuegeshwa juani hupanda joto kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 20, na paka hatoki jasho ila kwenye nyayo. Akianza kuhema mdomo wazi kama mbwa, huo si uchovu wa safari: apelekwe kwenye kivuli na hewa, na asipotulia upesi aonwe na daktari. Kwa safari za mabasi ya mikoani jibu ni moja, asiwekwe kwenye buti. Asiyekubaliwa na kondakta kukaa na kasha miguuni pake atafute basi jingine.

Dawa za usingizi za binadamu zisiguswe, na Panadol ndiyo kabisa. Ini la paka haliwezi kuichakata parasetamoli, na kidonge kimoja cha kawaida kinatosha kumuua. Kwa paka mwenye hofu iliyopitiliza, madaktari wa mifugo siku hizi huandika gabapentini, dawa iliyoanza kama ya kifafa cha watu. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba paka waliopewa dawa hiyo kabla ya kusafirishwa kwenda kliniki walikuwa na wasiwasi mdogo kuliko walipopewa kidonge kisicho na dawa. Kipimo chake ni cha daktari kuamua, si cha jirani.

Dakika za hatari kupita zote ni zile za kushuka. Mwaka 2015 familia moja ya Kiiraki iliukimbia mji wa Mosul na kubeba paka wao mweupe aitwaye Kunkush. Walivuka naye nchi kwa nchi, kisha bahari, ndani ya mashua iliyojaa watu, mpaka kisiwa cha Lesbos, Ugiriki. Safari yote hiyo ndefu paka alikuwa nao. Akawapotea pale ufukweni, katika zile vurugu za watu kushuka, alipochoropoka akatimka. Familia ilimtafuta ikachoka, ikalazimika kuendelea na safari bila yeye. Baadaye watu waliokuwa wakijitolea kisiwani walimwona, mchafu na akiwa anafukuzwa na paka wa pale, wakamchukua, wakasambaza picha zake mitandaoni na kumpeleka Berlin akae na mlezi wa muda. Familia ilipatikana Norway, na Februari 2016 Kunkush alikabidhiwa kwao. Kisa chake kilitangazwa duniani kote kwa sababu kiliisha vizuri. Vingi vinavyoanza hivyo haviishi hivyo, na si lazima pawe na vita: kasha likifunguliwa kwenye geti la nyumba mpya ili "apate hewa", inatosha.

Kwa hiyo kasha lifunguliwe ndani tu, katika chumba kimoja, mlango ukiwa umefungwa. Chumba kimoja, si nyumba nzima. Watu humwonea huruma paka kwa kufungiwa, wakamwachia vyumba vinne na korido, wakidhani wanamfanyia hisani. Yeye anahitaji eneo dogo analoweza kulijaza harufu yake kwa siku mbili tatu, ndipo aongezewe. Chumba cha kulala kinafaa kuliko sebule: pana uvungu, pana nguo za watu, na usiku mwenye paka analala humo. Maji na chakula vikae kona moja, beseni la mchanga kona ya mbali, maana paka hapendi kula karibu na choo.

Na awekewe boksi. Wanasayansi wa Utrecht, Uholanzi, walilipima jambo hili kwa paka 19 walioingia kituo cha wanyama: kumi walipewa boksi la kujifichia, tisa hawakupewa. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2014, yalionyesha kwamba waliopewa boksi walikuwa wametulia kwa kiasi kikubwa kufikia siku ya tatu, wakati wenzao walichukua muda mrefu zaidi. Boksi la televisheni lililobaki baada ya kuhama, likilazwa ubavu mmoja, ndilo hilo hilo. Kumvuta paka kutoka mafichoni "ili azoee" ni kumrudisha nyuma. Mtu akae tu sakafuni, asome simu yake, azungumze kwa sauti ya kawaida. Paka atatoka usiku wakati wote wamelala, atazunguka chumba akiwa amejilaza chini tumbo karibu kugusa sakafu, atanusa kila kitu, atarudi ndani ya boksi. Siku inayofuata atafika mbali kidogo.

Kujificha ni kawaida; kutokula si kawaida. Mlo mmoja au miwili ikimpita, hakuna neno. Akikaa zaidi ya siku mbili bila kula kabisa, hasa akiwa mnene, mafuta ya mwili huanza kujazana kwenye ini lake, na ugonjwa huo huua. Supu ya samaki isiyo na chumvi, vitunguu wala pilipili huwashawishi wengi, ikipashwa moto kidogo ili harufu ipande. Jambo jingine la kuchungwa ni mkojo. Hofu huweza kumletea paka uvimbe wa kibofu, na paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba mno. Dume anayekwenda kwenye mchanga mara kwa mara, akichuchumaa na kulia bila kutoa kitu, amezibwa. Huyo hangojewi asubuhi. Siku moja au mbili zinatosha kumwondoa.

Upande wa nyumba yenyewe una mitego yake. Desturi ya mjini ni kupiga dawa ya mende na kunguni kabla ya kuingia, na nyingi kati ya dawa hizo zina pemethrini au jamaa zake. Mbwa huzivumilia, paka hutetemeka, hupata degedege na kufa. Vyumba vikae wazi vipulizwe na upepo, sakafu ipigwe deki na kukauka kabisa, ndipo aletwe. Kwenye kudeki nako pana shida: dawa za kuua vijidudu zinazogeuka nyeupe kama maziwa zikitiwa majini huwa na fenoli, ambayo mwili wa paka hauwezi kuiondoa, naye hujilamba nyayo mchana kutwa. Maji na sabuni ya kawaida vinatosha. Mpangaji aliyetangulia aulizwe pia kama aliacha sumu ya panya darini au nyuma ya kabati za jikoni. Paka hufa kwa kuila, na hufa vilevile kwa kumla panya aliyeila.

Yule aliyeingia nyumba isiyo na madirisha, afunge walau chumba kimoja kwa wavu wa kuku kabla ya paka kufika. Vinginevyo maneno yote ya kumfungia ndani ni hadithi.

Nyumba yenye paka wawili au zaidi ina jambo lake. Ndugu waliolala pamoja miaka minne wanaweza kupigana siku ya kwanza, kwa sababu kila mmoja ananuka safari, na harufu waliyokuwa wakitambuana nayo imevurugika. Watenganishwe siku moja mbili, wabadilishiwe vitambaa, waonane kupitia mlango ulioachwa wazi kidogo. Mabeseni ya mchanga yawe mengi kuliko paka kwa moja. Kama nyumba mpya ina mbwa, haraka ipungue zaidi. Socks, paka aliyehamia Ikulu ya Marekani mwaka 1993 na familia ya Bill Clinton kutoka Arkansas, aliishi pale kwa raha mpaka mwaka 1997 alipoletwa mbwa aitwaye Buddy. Hawakupatana hata siku moja. Familia ilipohama mwaka 2001 ilimchukua mbwa. Socks akaenda kuishi kwa Betty Currie, aliyekuwa katibu wa rais.

Swali linaloulizwa kuliko yote ni lini atolewe nje. Mashirika ya ustawi wa wanyama hushauri angalau wiki mbili hadi tatu za kukaa ndani, na kwa paka mwoga mwezi mzima. Waingereza walikuwa na desturi ya zamani ya kumtia paka siagi miguuni akifika nyumba mpya, ati atajilamba na kusahau kwao. Siagi huisha kwa dakika tano. Kinachofanya kazi ni muda, na kengele ya chakula: apewe mlo kwa saa zilezile, sahani igongwe kijiko kila mara, mpaka mlio huo umlete mbio kutoka popote alipo. Siku ya kwanza ya kutoka iwe ya utulivu, mchana, kabla ya mlo, tumbo likiwa tupu. Mlango uachwe wazi nyuma yake. Dakika kumi, kijiko kinagongwa, anarudi, basi kwa siku hiyo.

Hofu ya kumtoa mapema ina msingi. Mwaka 1922 Francis Herrick, mtaalamu wa wanyama wa Marekani, alieleza jinsi alivyompeleka paka mwenye watoto wachanga umbali wa maili 1 hadi 4 kutoka nyumbani, naye akarudi kwa watoto wake safari baada ya safari. Mwaka 1954 wanasayansi wa Ujerumani waliwabeba paka ndani ya vyombo vilivyofunikwa, wakawaachia katikati ya kizimba chenye milango pande zote, na wengi walichagua mlango ulioelekea kwao, hasa kama kwao hakukuwa mbali. Kisha yupo Holly wa Florida. Alipotea Novemba 2012 mjini Daytona Beach wakati wenyewe wakiwa kwenye mkusanyiko wa magari ya kulala. Miezi miwili baadaye akaonekana West Palm Beach, umbali wa kama kilomita 320, takriban maili moja tu kutoka kwao, amekonda, kucha zimelika. Chipu iliyokuwa chini ya ngozi yake ndiyo iliyothibitisha kwamba ni yeye. Amejuaje njia, hakuna aliyeeleza mpaka leo.

Kutokana na hayo, kuhama kutoka Sinza kwenda Kijitonyama kunaweza kuwa na mashaka kuliko kuhama kutoka Dar kwenda Mwanza. Palipo karibu paka anaweza kurudi, naye akirudi atapita barabara kuu. Majirani wa zamani na mpangaji aliyeingia waachiwe namba ya simu na ombi moja: wakimwona wasimlishe, wapige simu. Sahani moja tu ya samaki pale itamfanya aamini kwamba amefika.

Akipotea licha ya yote, atafutwe karibu. Utafiti wa mwaka 2018 uliohusu paka 1,210 waliopotea ulionyesha kwamba theluthi moja hivi walipatikana ndani ya siku 7, na robo tatu ya waliopatikana walikuwa ndani ya mita 500 kutoka mahali walipopotelea. Kilichosaidia zaidi ni watu kutoka na kutafuta kwa miguu. Paka mgeni katika mtaa haitiki akiitwa hata na mtu wake, kwa hiyo kuita pekee hakutoshi. Wakati mzuri ni usiku mtaa ukishalala, kwa tochi iliyoshikwa usawa wa macho, maana macho ya paka hurudisha mwanga. Patazamwe nyuma ya simtanki, kwenye mitaro, chini ya matofali yaliyopangwa na juu ya dari za majirani, kwa ruhusa yao. Zulia lake ambalo halikufuliwa litandikwe nje ya mlango.

Wanaohamia ng'ambo waanze mapema zaidi. Kwa paka anayetoka Tanzania au Kenya kwenda nchi za Umoja wa Ulaya au Uingereza, taratibu hudai chipu kwanza, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa, kisha damu ichukuliwe siku zisizopungua 30 baada ya chanjo na kupimwa katika maabara inayotambuliwa, halafu isubiriwe miezi 3 tangu siku damu ilipochukuliwa. Ni miezi minne na ushee kabla ya kukata tiketi, na anayeingia Uingereza kwa ndege husafirishwa kama shehena, si miguuni kwa abiria.

Wapo pia wasioweza kumchukua. Nyumba mpya hairuhusu wanyama, mtoto ana pumu, safari ni ya nchi yenye masharti mazito. Hilo si kosa la mtu. Kosa huanzia kwenye gunia linalofunguliwa gizani karibu na soko, au kwenye paka anayefungiwa ndani ya nyumba tupu na bakuli la wali kwa ahadi ya "tutamrudia Jumamosi". Waislamu wanaijua hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Wahenga nao walisema paka wa nyumba haingwa. Sheria za leo zimefuata: Kenya, kwa sheria yake ya kuzuia ukatili kwa wanyama, inahesabu kumtelekeza mnyama katika hali ya kumtesa kuwa kosa, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008. Paka aliyelelewa ndani haokoki kirahisi mtaani. Paka shume wa hapo wameshagawana kila jaa na kila kibaraza.

Basi mwenye kujua kwamba hataweza kuhama na paka wake aanze kuulizia mwezi mmoja kabla: ndugu, majirani, mwenye duka la nafaka anayesumbuliwa na panya, au kituo cha kutunza wanyama kama kile cha KSPCA, Nairobi. Ampeleke mwenyewe, na kanga yake, na maelezo ya anachokula. Akikosa mlezi kabisa, azungumze na mpangaji anayeingia kabla ya kurudisha funguo. Huenda akawa anatafuta paka.